Rimoti ya vitufe vinne ya alamu ya nyumbani: namna ya kuifundisha paneli, na inapokwama

Kifurushi cha alamu ya GSM, yaani inayotumia laini ya simu, kinachouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, huwa na paneli (sanduku linaloongoza mfumo mzima), king'ora, sensa ya mwendo, sumaku ya mlango na rimoti mbili ndogo za kutundika kwenye funguo. Wanunuzi wengi hujaribu ukali wa king'ora na kuiacha rimoti, ilhali ndicho kifaa pekee kitakachoshikwa mkononi kila asubuhi na kila usiku. Tunayoizungumzia hapa ni ile ya masafa ya 433 MHz, ya vitufe vinne na msimbo usiobadilika. Kwa bei yake ni kifaa kizuri, na kwa nyumba ya kawaida kinatosha. Ila kina upungufu mmoja ambao matatizo mengi huanzia hapo: kinatuma tu, hakipokei. Taa nyekundu inayomulika unapobonyeza inakuambia kwamba msimbo umerushwa. Haiwezi kukuambia kama paneli imeusikia.

Kwa hiyo uthibitisho lazima utoke kwenye paneli. Kifurushi kikifungwa vizuri, king'ora hulia mara moja fupi ulinzi unapowashwa na mara mbili unapozimwa. Wapo wanaokata mlio huo kwa kuwaonea haya majirani. Usiukate. Ukikera, funga king'ora kidogo cha ndani karibu na mlango ili mlio uwafikie wanaotoka tu. Paneli nyingi zinaweza pia kutuma SMS kila rimoti inapotumika, lakini ujumbe hula salio la laini na huweza kuchelewa wakati wewe umeshaondoka.

Vitufe viwili vya kwanza havina utata: kufuli lililofungwa huwasha ulinzi wote, kufuli lililofunguliwa huuzima. Hivyo viwili vingine ndivyo vya kuangalia. Kimoja ni cha ulinzi wa nusu, ambapo sumaku za milango na madirisha hufanya kazi huku sensa za mwendo za ndani zikilala, ili watu waweze kwenda chooni usiku. Kingine ni cha dharura. Hupiga king'ora papo hapo na kuifanya paneli ipige simu hata kama ulinzi umezimwa. Alama ya radi huwa ulinzi wa nusu kwenye rimoti moja na dharura kwenye nyingine. Jaribu vyote vinne mchana, majirani wakiwa wamejulishwa, kisha waoneshe watu wote wa nyumbani, pamoja na dada wa kazi.

Kuifundisha paneli ni kazi ya dakika moja. Washa paneli na uhakikishe ulinzi umezimwa. Bonyeza kitufe cha kujifunza cha paneli mara moja, kwa ufupi, hadi paneli itoe mlio na taa yake ibadilike. Muda wa kusubiri ni mfupi, kwa hiyo rimoti iwe tayari mkononi, umbali wa mita moja au mbili. Bonyeza kitufe chochote cha rimoti mara moja. Mlio mmoja kwa kawaida ni kukubaliwa. Miwili, kwenye paneli nyingi, maana yake rimoti hiyo ilikuwamo tayari. Rudia kwa kila rimoti, moja baada ya nyingine, usizibonyeze pamoja.

Makosa mawili hujitokeza hapa kila mara. La kwanza ni kukishikilia kitufe cha kujifunza. Kwenye paneli nyingi, kukishikilia kwa sekunde kadhaa hufuta kumbukumbu yote, na kuna paneli ambazo hufuta sensa pia. La pili ni kwenye paneli zenye sehemu mbili za kujifunza, moja ya rimoti na nyingine ya sensa. Rimoti ikifundishwa upande wa sensa, paneli huihesabu kama mlango. Matokeo yake unabonyeza kufuli kuzima ulinzi na king'ora kinalipuka. Ukiona hivyo rimoti ni nzima. Futa eneo hilo la sensa na uifundishe upya upande wake.

Rimoti ya ziada inayonunuliwa peke yake ndiyo yenye mitego zaidi. Kagua masafa kwanza, kwani zipo za 315 MHz zinazofanana kwa umbo na za 433. Ndugu akileta rimoti kutoka Marekani, huenda ni ya 345 MHz, masafa ambayo Honeywell hutumia kule, na hapo hakuna ufundi utakaoisaidia. Kisha fungua kifuniko usome chipu. Yenye EV1527, au 1527 yoyote, ina utambulisho wa biti 20 uliochomwa kiwandani, yaani zaidi ya misimbo milioni moja, na biti nne za kuonesha kitufe kilichobonyezwa. Yenye PT2262 haina utambulisho wake. Anwani hupangwa kwa kulehemu miguu minane ya chipu, kila mmoja kwenye chanya, kwenye hasi au ukiachwa wazi, jumla ya michanganyiko 6,561. Rimoti za namna hii zikitoka dukani bila kulehemiwa zote huwa na anwani ileile, na ndiyo sababu alamu ya jirani huweza kuzimika kwa rimoti yako. Lehemu angalau miguu mitatu kwa mpangilio wako.

Kwenye hizo za PT2262 kuna pia kipinga (resista) kinachopanga kasi ya msimbo. Thamani za kawaida ni megaohm 1.5, 3.3 na 4.7, na paneli iliyotengenezewa moja inaweza kukataa nyingine. Mwisho kabisa ni mpangilio wa vitufe: viwanda havikukubaliana biti ipi iwe ya kufunga na ipi ya dharura. Rimoti ngeni inaweza kukubaliwa vizuri na paneli, halafu kufuli lililofunguliwa likawa ndilo linalopiga king'ora. Mwambie muuzaji mjaribu na paneli yako kabla hujalipa, au nunua ya mtengenezaji wa paneli yenyewe hata kama bei imezidi kidogo.

Kuhusu umbali, maboksi huandika mita 80 au 100, na hiyo ni uwanjani pasipo kitu. Ndani ya nyumba ya matofali ya saruji tarajia mita 20 hadi 30, na pungufu ya hapo ukuta ukiwa na nondo, geti likiwa la bati zima, au gari likiwa na tinti ya chuma. Rekebisha upande wa paneli kwanza. Ifungwe mita 1.5 hadi 2 kutoka sakafuni, mbali na friji, na angalau mita moja kutoka ruta na adapta za umeme za bei ya chini, ambazo hutoa kelele ya redio. Antena ya kuvuta ivutwe yote. Kama antena ni waya uliokatika, weka mwingine wa sentimita 17.3, robo ya urefu wa wimbi la 433.92 MHz, usimame wima bila kukunjwa. Upande wa rimoti, shikilia kitufe kwa nusu sekunde hadi sekunde moja. Msimbo hurudiwa mfululizo wakati wote umebonyeza, na ukiwa mbali marudio hayo ndiyo yanayoiokoa.

Betri ni ya aina mbili kuu. Rimoti za zamani hutumia 27A ya volti 12, kijibetri chembamba cha milimita 8 kwa 28. 23A ni volti hizohizo lakini ni nene zaidi na haingii. Mpya nyingi hutumia CR2032 ya volti 3, na CR2016 iliyo nyembamba itacheza ndani na kukatakata. Dalili ya kwanza ya betri kuchoka ni umbali kupungua, taa ikiwa bado inawaka. Kwa 27A, ukipima kwa mita ukaona chini ya volti 10, badilisha. Kubadili betri hakufuti chochote kwa sababu msimbo uko kwenye chipu.

Wakazi wa Tanga, Mombasa au Unguja wafungue rimoti mara moja moja na kufuta vishikio vya betri kwa pamba yenye spiriti. Hewa ya chumvi huvila haraka. Wachunguze pia raba ya vitufe. Kitufe kilichonasa hufanya rimoti itume bila kukoma, na kwa kuwa sensa zote hutumia masafa hayohayo, paneli hushindwa kuzisikia. Mfumo mzima ukikaa kimya ghafla, toa betri za rimoti zote kabla hujamlaumu mtu. Kwa sababu hiyo, na kwa ajili ya kitufe cha dharura kinachobonyezwa na funguo mfukoni, chagua rimoti yenye kifuniko cha kuteleza.

Usalama wake una mpaka. Msimbo usiobadilika unaweza kunaswa hewani na kurudiwa, na rimoti za kunakili msimbo huuzwa wazi kwa ajili ya mageti. Duka lenye bidhaa za thamani au nyumba iliyokwisha kuvamiwa inahitaji mfumo wa msimbo unaobadilika, kama ule wa chipu ya HCS301 ya Microchip, ambao hutoa msimbo mpya kila ukibonyeza na paneli hukataa uliokwisha kutumika. Sharti paneli yenyewe iwe ya mfumo huo. Kubadili rimoti pekee hakusaidii.

Mlinzi wa getini usimpe rimoti ya vitufe vinne. Mpe kitufe kimoja cha dharura kisichotumia waya, kilichofundishwa kama sensa ya saa 24, yaani inayofanya kazi hata ulinzi ukiwa umezimwa, ili aweze kuita msaada bila uwezo wa kuzima ulinzi. Kwa anayetumia rimoti, muda wa kusubiri wa kuingia, yaani ule ambao paneli hungoja mlango ukifunguliwa kabla ya kupiga king'ora, uwekwe sifuri, kwani ulinzi unazimwa ukiwa bado nje; sekunde 30 za kusubiri zinamtosha mwizi kuifikia paneli na kuivunja.

Rimoti ikipotea, paneli nyingi za bei nafuu haziwezi kuifuta hiyo peke yake. Kusanya zilizobaki, futa kumbukumbu ya rimoti zote, fundisha upya moja baada ya nyingine, kisha pima kila sensa kwa kufungua mlango na kupita mbele yake, maana huenda nazo zimefutika. Fanya hivyo siku ileile ilipopotea, hasa kama ilikuwa pamoja na funguo za nyumba.