Kozi ya video kuhusu protini prioni: nyota nne, ya tano imezuiwa na kwizi

Jana usiku ndo nimemaliza hii kozi ya video nane kuhusu kazi ya kawaida ya protini prioni kwenye seli za neva, naandika ikiwa bado mbichi kichwani. Wengi tukisikia prioni tunawaza ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe na ubongo uliotoboka kama sponji, basi, hakuna anayeuliza hii protini ikiwa nzima inafanya nini mle, wakati kila mmoja wetu anayo, jeni yake inaitwa PRNP na iko kromosomu ya 20.

Video ya kwanza ni historia, unaweza kuipita haraka. Ya pili ndo imenishika. Mwalimu anaichora PrP (kifupi cha hiyo protini prioni) kwa mkono taratibu, inatengenezwa na asidi amino 253, ncha zote mbili zinakatwa zinabaki kama 208, halafu inatundikwa nje ya utando wa seli kwa nanga ya mafuta. Nje kabisa, haina hata kipande kinachoingia ndani. Nikasimamisha video nikajiuliza sasa inapelekaje habari ndani ya seli, nikaachia iendelee na yeye akauliza swali hilohilo! Jibu lake ni kwamba inafanya kazi kwa kushikana na protini zingine zilizopenya utando, hizo ndo zinaamsha vimeng'enya vya ndani kama Fyn. Mwalimu anayejua mwanafunzi atakwama wapi ni wa kushikilia aisee.

Ila video ya nne, hiyo nimeirudia mara tatu. Panya wasio na PrP wakizeeka mielini (ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva) ya neva zao za pembeni inaharibika polepole, hiyo ilitoka 2010, na ukiwarudishia PrP kwenye neuroni tu tatizo linaondoka, lakini ukiirudisha kwenye seli za Schwann peke yake haisaidii, ingawa hizo Schwann ndo zinazotengeneza mielini yenyewe. Yaani neuroni inatuma ujumbe kwa jirani yake. Mwaka 2016 ndo mpokeaji akajulikana, kipokezi kinachoitwa Gpr126 kwenye seli ya Schwann, kile kipande cha mkia laini wa PrP kikikatika kinaenda kukigusa, cAMP (kemikali inayobeba ujumbe ndani ya seli) inapanda na seli inaendelea kuitunza mielini. Kwenye mchoro wake unauona mkia unakatika, unaelea, unatua. Nilikuwa nimeshasoma hayo mahali kwingine lakini kuelewa nimeelewa hapa.

Ya tano inahusu vipokezi vya NMDA, vile vya kwenye neuroni vinavyopokea ujumbe wa kuisisimua. PrP ina sehemu inayojirudia-rudia ambayo inashika madini ya shaba, na shaba ikiwepo inasaidia kuvituliza vile vipokezi, ndo maana neuroni za panya wasio na PrP zinasisimka kupita kiasi. Imeelezwa vizuri, ingawa sauti inashuka katikati.

Nilichoheshimu zaidi ni video ya sita, hafichi kitu. Panya wa kwanza wasio na PrP walitangazwa 1992 wakaonekana wazima tu, 1994 wengine wakasema sinapsi zao (pale neuroni zinapopokezana ujumbe) zina kasoro, maabara nyingine ikapima ikakosa hiyo kasoro. Anaeleza pia kwamba panya wengi wa aina hiyo walibaki na jeni jirani za ukoo mwingine, kwa hiyo baadhi ya mambo yaliyosingiziwa PrP yalitoka kwa hao majirani. Ya saba, ya PrP kushikana na amiloidi beta, ile protini inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzaima, imekimbizwa sana, dakika tisa tu kwa mada nzito vile hazitoshi.

Sasa kwizi. Swali moja linauliza panya wasio na PrP wanapata tatizo gani, nikachagua mielini, nikapewa kosa, eti jibu sahihi ni "hawapati tatizo lolote". Video yao wenyewe ya nne inasema tofauti! Nimewaandikia, wakajibu wataangalia, bado liko vilevile. Mtu anayeanza atabeba jibu la 1992 akidhani ndo la leo, na hilo linaniuma kwa sababu mafundisho yenyewe ni mazuri mno.

Ukiichukua, tazama ya sita kabla ya ya nne, na hiyo kwizi usiiamini mpaka wairekebishe.