Tiba kwa vitendo: mtaalamu aliyejua kukiri kosa

Kwa miezi mitatu nilimpeleka baba yangu, aliyepooza mkono wa kushoto kutokana na kiharusi, katika kitengo cha tiba kwa vitendo (mazoezi ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli za kila siku, kama kuvaa) cha hospitali moja hapa Dar es Salaam, na ninachokitathmini si vifaa, ambavyo ni vya kawaida tu, bali namna wahudumu walivyozungumza naye mambo yalipokuwa magumu.

Siku ya pili mtaalamu kijana alimsifu kwa sauti ya kubembeleza, kama asifiwavyo mtoto wa chekechea, kwa kufunga kifungo kimoja; mzee, aliyefundisha hisabati miaka 30, akalisukuma shati la mazoezi kutoka mezani hadi chini. Nilitamani ardhi ipasuke. Kijana hakuliokota wala hakukaripia. Alivuta kiti, akaketi usawa wa macho yake, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mzee wangu, nimekukosea kwa nilivyosema. Wewe ungependa tuanze na nini?" Baba akajibu kwamba anataka kuvaa kanzu mwenyewe kwa ajili ya swala ya Ijumaa, na tangu hapo mazoezi yakawa ya kanzu: mkono dhaifu hutangulia kuingia, ule mzima hufuata.

Kasoro ipo. Mhudumu mwingine alizoea kuniuliza mimi, "Analalaje?", hali baba mwenyewe amekaa mbele yake akimsikia; nilipomweleza faraghani alinuna, na vikao viwili vilivyofuata vikapita kwa ukimya. Foleni nayo ni ndefu. Tutarudi, ila nitaomba yule kijana.