Duka la vitu vya kale kando ya I-70: visu vya kweli, lebo za kubahatisha

Nikiwa na mzigo wa kuelekea magharibi mwa Ohio, napumzisha lori karibu na duka moja kubwa la vitu vya kale kando ya I-70, barabara kuu ya huku Marekani. Madereva wengi wanalipita wakidhani ni ghala. Jina silitaji, maana nitalisifu na kulisema kwa pamoja.

Kwanza elewa linavyoendeshwa. Ndani kuna safu za makabati ya vioo, kila moja limepangishwa kwa mtu wake. Mwenye kabati analeta vitu, anaandika bei kwenye kikaratasi, anafunga, anakwenda zake. Kaunta ni moja tu. Kwa hiyo anayekufungulia kabati si mwenye kisu, na ukimwuliza habari zake utamsumbua bure. Ukiomba punguzo anampigia mwenyewe simu.

Mimi nafuata visu vya kukunja. Nimekulia Tanga na Okapi, kile cha mpini wa mbao wenye miezi na nyota, ambacho Wajerumani walianza kukitengeneza kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika na sasa kinatoka Afrika Kusini. Huku nimehamia kwenye Case, visu vya Bradford, Pennsylvania. Sababu ni moja: Case cha zamani kinatembea na cheti chake cha kuzaliwa. Fungua ubapa, tazama shingoni pale unapoingia kwenye mpini. Ukikuta "CASE XX" bila neno jingine, ni cha kati ya 1940 na 1964. Likiongezeka "USA", ni 1965 hadi 1969. Mwaka 1970 waliweka nukta kumi chini ya chapa, kisha kila mwaka wakaondoa moja, hadi 1979 ikabaki nukta moja. Tangu 1980 nukta zikaanza upya, lakini herufi S ikabadilika, ikawa na kona kali za radi, kwa hiyo huwezi kuchanganya.

Geuza upande wa pili utakuta namba. Chukua 6318: sita ni mpini wa mfupa uliochongwa vijishimo, tatu ni idadi ya bapa, 18 ni umbo. Ukiona 3318, ni umbo lilelile na bapa zilezile tatu, ila mpini ni wa njano. Ukishalijua hilo, kabati zima unalisoma kwa nje ya kioo hata kabla hujaomba ufunguo.

Na hapo ndipo duka linapoudhi. Vikaratasi vinaandikwa kwa kubahatisha. Nilikuta 6318 imeandikwa "miaka ya 1950", dola 95. Nikatoa kioo changu cha kukuzia: CASE XX USA, nukta sita. Hiyo ni 1974, hakuna mjadala. Mama wa kaunta akapiga simu, mwenye kabati akasikia habari ya nukta, akanyamaza kidogo, akashuka hadi 60. Nikanunua. Bapa zote tatu zilikuwa zimejaa, hazijaliwa na jiwe la kunolea, na kila moja ilifunga kwa mlio mkavu wa springi. Mlio huo usiuache. Kisu kinachofunga kimyakimya springi yake imechoka, hata mpini ukiwa mzuri namna gani.

Kibaya zaidi ni kabati lililo karibu na mlango wa choo. Mwenyewe anapenda kung'arisha. Visu vyote vinametameta, bei iko juu, na chapa zimefutika nusu kwa gurudumu la kusugulia. Mnunuzi mgeni anaona usafi, ilhali mkusanyaji anaona ushahidi uliosagwa. Kuna kimoja kimeandikwa 1965 hadi 1969, lakini chini ya "USA" chuma kimebonyea kidogo na kina mng'aro tofauti na sehemu nyingine. Sijui nani alikifanyia hivyo, ila mimi nikiona bonde mahali panapokaa nukta narudisha kisu kabatini.

Lingine wanaloliharibu kwa kutojua: visu vyenye mpini wa seluloidi, aina ya plastiki ya zamani, wanavilaza pamoja na vingine kwenye kisanduku kilichofungwa. Seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke mkali unaotia kutu chuma cha jirani. Nusa kisanduku kabla hujanunua. Harufu ya kafuri peke yake ni ya kawaida kwa seluloidi, lakini ikichanganyika na ukali wa asidi, na ukaona mpini una nyufa ndogondogo, kiache hata wakupe kwa dola tano. Vya mpini wa pembe ya ndovu, ambavyo hutoka zaidi Sheffield, mimi sivigusi kabisa. Sheria zake ni ngumu, na kwa mtu wa kwetu kuna aibu yake pia.

Linaloniridhisha ni huyo mama wa kaunta. Anatandika kitambaa, anawasha taa ya meza, anakuacha ufungue na ufunge kadiri unavyotaka bila kukukodolea macho. Maduka ya namna hii mengi hukupa kisu sekunde chache kisha mkono unakuja kukidai. Kwa kazi ya kutambua kisu, taa na muda ndiyo mambo yote, kwa hiyo napita juu ya makosa ya vikaratasi na kulipatia duka nyota nne kati ya tano.

Maegesho ya lori yapo nyuma, ingia kwa lango la pili, la kwanza ni jembamba. Kadi wanapokea, ila noti mkononi humlainisha mwenye kabati haraka zaidi. Na ukinunua cha kumpelekea mjomba nyumbani, kitie kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege. Cha mkononi kitaishia kwa askari wa uwanja.