Million Dollar Mermaid: filamu nzuri, nakala iliyochinjwa

Nimeikodi Million Dollar Mermaid ya mwaka 1952 kwenye huduma moja ya filamu mtandaoni, nikalipa bei kamili, nikapewa filamu iliyokatwa. Sizungumzii dakika zilizopunguzwa. Hadithi ipo yote. Kilichokatwa ni picha yenyewe, juu na chini, karibu robo nzima, kuanzia simba wa MGM, studio iliyotengeneza filamu hii, anaponguruma mpaka neno la mwisho. Huduma hiyo naipa nyota moja. Filamu nitaifikia.

Tatizo lenyewe ni hili. Filamu nyingi za Hollywood za miaka hiyo zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba: kimo kikiwa 1, upana ni 1.37. Runinga zetu za leo ni 16 kwa 9, pana zaidi. Kuonyesha filamu kama hii inavyotakiwa ni kuiacha katikati, pande zote mbili zibaki nyeusi. Kwenye runinga ya inchi 43 weusi huo ni kama sentimita 11 kila upande. Kuna watu wanaudhika wakiuona, wanadhani wamepunjwa, na wenye huduma wanalijua hilo. Basi wanafanya nini? Wanaikuza picha mpaka ijaze kioo kizima, kinachozidi juu na chini wanakitupa.

Kama ni filamu ya watu wawili mezani wanakunywa chai, utavumilia. Lakini hii ni filamu ya Esther Williams, mwogeleaji aliyegeuka nyota wa sinema, na michezo yake mikubwa ya majini aliipanga Busby Berkeley, mpangaji wa dansi aliyeijaza picha kuanzia pembe hadi pembe. Chukua ule mchezo wa moshi. Moshi mwekundu na wa njano unapanda kutoka pembeni mwa bwawa, waogeleaji wanateleza wakiwa wamesimama na kutumbukia majini, wengine wako juu kwenye bembea wanasubiri kujiachia. Kila kitu pale ni cha kutoka juu kwenda chini. Kwenye nakala niliyopewa, bembea zinaning'inia hazijulikani zimetoka wapi, watu wanaonekana kuanzia kifuani, na mahali miguu inapogusa maji hapapo. Wanaruka halafu wanapotea. Kamera inapopanda juu kabisa ili waogeleaji wachore duara, duara linakosa kichwa na kitako. Mabinti wamepangwa pale kwa hesabu ya mkono na mguu, halafu mtu ofisini anabonyeza kitufe kimoja, anawafuta waliokaa juu na waliokaa chini.

Nikaandika kulalamika. Jibu likaja fupi: sinema za zamani ndivyo zilivyo, na nikague runinga yangu. Nikague runinga yangu! Hapo ndipo damu iliponichemka. Mtu anauza kitu asichokijua, ukimwonyesha kasoro anakurudishia wewe. Nikajibu kwa adabu, nikaeleza umbo la picha, nikataja tukio na dakika yake. Wakanijibu maneno yale yale, herufi kwa herufi.

Kwa hiyo kabla hujalipa, au ndani ya dakika za mwanzo ukiwa bado unaweza kudai pesa yako, kagua hivi. Mtazame simba. Amezungukwa na utepe wenye maandishi ya Kilatini, na utepe huo unapita juu ya kichwa chake. Ukiona umekatwa juu, funga, dai pesa. Halafu subiri duara lolote linalopigwa kutoka juu: likiwa limelala kama yai, picha haikukatwa bali imevutwa kwa upana, na hapo kosa linaweza kuwa kweli la runinga yako. Ingia kwenye mipangilio ya ukubwa wa picha, toa ukuzaji, weka umbo la asili au 4 kwa 3. Ukiwa huko huko, zima kile kinacholainisha mwendo. Kinatengeneza picha za katikati ambazo hazikupigwa na mtu, na matone ya maji yanakuwa kama plastiki. Ila nakala iliyokatwa tangu huko ilikotoka haiponi kwa rimoti. Ukiipunguza unapata picha ndogo ile ile isiyo na miguu.

Angalia na urefu. Filamu ni dakika 115. Ukikuta 110, ujue imetoka kwenye nakala ya zamani ya televisheni za Ulaya, ambako picha 24 kwa sekunde zilikimbizwa zikawa 25. Mwendo unaongezeka kama asilimia 4 na muziki unapanda karibu nusu toni. Kwenye filamu ya kawaida hutagundua kitu. Kwenye mchezo wa majini utahisi waogeleaji wana haraka, na uzuri wote wa kazi ile ni utulivu.

Na moshi! Moshi, povu na matone ndivyo vitu vigumu kuliko vyote kubana kidijitali, kwa sababu hakuna kipande kinachofanana na kilichotangulia. Huduma inayobania data itakugeuzia ule moshi mwekundu kuwa miraba inayorukaruka. Nilichopata mimi kilikuwa na miraba juu ya kukatwa.

Sasa filamu yenyewe. Nilikuwa naitetea kwa tahadhari, nikisema ni ya kati. Inasimulia maisha ya Annette Kellerman, mwogeleaji wa Australia, anayechezwa na Esther Williams: mtoto mwenye miguu dhaifu anayepata nguvu majini, anakwenda Uingereza, kisha Marekani, ambako anakamatwa ufukweni Boston kwa vazi lake la kuogelea la kipande kimoja. Waingereza waliionyesha kwa jina la vazi hilo, The One Piece Bathing Suit. Mapenzi yake na meneja wake Sullivan, anayechezwa na Victor Mature, yanakwenda kwa kusuasua. Wanagombana, wanaachana, Sullivan anarudi dakika za mwisho baada ya tangi la kioo kupasuka. Ukitaka mapenzi ya kukutoa jasho, hapa hakuna. Walter Pidgeon kama baba ananigusa kuliko mpenzi.

Lakini kila nikifikiria walichokikata, nazidi kuona kwamba "ya kati" ni kuidhulumu. Esther Williams hakuwa mwigizaji aliyefundishwa kuelea. Alikuwa bingwa wa Marekani wa mita 100 mwaka 1939, vita vikamnyima Olimpiki ya 1940. Katika ule mchezo wa chemchemi anapanda juu akiwa ndani ya vazi la dhahabu na taji la alumini kichwani, kisha anapiga mbizi. Maji yalipolipiga taji lile, shingo ilirudi nyuma, pingili tatu zikavunjika, akakaa ndani ya plasta miezi sita. Mtu kavunjika shingo ili picha ile ipatikane, kuanzia ncha ya taji hadi maji yanapofunguka, halafu mnaniambia nikague runinga! Naifuta ile "ya kati". Mapenzi yake bado ni mepesi, siyarudii, lakini kwa michezo ile miwili naipa filamu nyota nne, na ukiniuliza tena kesho huenda nikafika tano.

Nakala ya kununua ni diski ya Blu-ray ya Warner Archive, lebo ya Warner inayouza filamu za zamani. Umbo lake ni kamili, mwendo ni 24, na rangi za Technicolor zimekaa vizuri: ukingo wa mkono unapotoka majini hauna mstari mwekundu au wa kijani, ile alama ya nakala ambazo mikanda yake mitatu ya rangi haikulingana (Technicolor ilipiga picha kwa mikanda mitatu, kila mmoja na rangi yake). Kusafirisha diski ni gharama, nakubali. Kama huna njia hiyo na nakala pekee unayoifikia ni ile iliyokatwa, nilikuwa niseme itazame hivyo hivyo. Hapana. Tazama mazungumzo ukitaka, ila moshi na chemchemi viruke, visubiri mpaka uvione vizima.