TAHADHARI: Pini za krenki za pikipiki, juu kromu, ndani nondo

Mafundi wa injini za bodaboda hapa Dar, msinunue seti ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, pamoja na pini na rola zake) kabla ya kusoma hii. Kuna pini za krenki zinazunguka Kariakoo ndani ya seti hizo, zimefungwa vizuri, karatasi ya nta ipo, grisi ya kuzuia kutu ipo. Ni takataka. Duka silitaji hapa. Waliokuwepo Tandika siku krenki tuliyoifunga pini hiyo inafunguliwa wanalijua, na aibu ya siku ile wanaijua pia.

Tulivyopigwa ni hivi. Tuliomba pini ijaribiwe palepale kaunta. Muuzaji hakubisha hata kidogo, akachomoa tupa yake chini ya meza, mpya, meno makali, akaikabidhi. Tupa ikapita juu ya pini kama inapita juu ya kioo: hakuna unga, hakuna mkwaruzo, ni mlio tu. Akaichukua mwenyewe, akasugua mara ya pili, ya tatu kwa nguvu zote. Halafu tupa ileile akaipitisha kwenye bolti ya kawaida, ikala chuma mpaka unga ukadondoka. Nani angebisha? Tupa ikiteleza, chuma kimekomaa. Hilo kila fundi analishwa tangu siku ya kwanza gereji. Maikromita, kile kipimo cha unene, nayo ilipowekwa katikati ya pini ikasoma sawasawa. Bei ilikuwa pungufu kidogo tu, si ya kutia shaka. Na wauzaji wengi hawataki hata uiguse bidhaa na tupa, huyu tupa anaitoa yeye! Kumbe tupa ndiyo mtego wenyewe.

Pini halali ni chuma chenye kaboni kidogo, kinalishwa kaboni kwenye tanuru la nyuzi 900 na kitu kwa saa kadhaa, kinazamishwa kwenye mafuta, kisha kinapashwa tena moto mdogo ili kisiwe chepesi kuvunjika. Ngozi ngumu inaingia ndani karibu milimita moja, ugumu wake 58 hadi 62 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell C, na kiini kinabaki na unyumbufu wa kuhimili mapigo. Ile ya jamaa ni chuma laini kilichochongwa kwenye mashine, kikavikwa kromu ngumu ya unene wa kama milimita 0.02. Kromu hiyo ni ngumu kweli, kuliko tupa. Kwa hiyo tupa haikusema uongo. Ilisema habari za ngozi, basi.

Rola za sindano, vile vyuma vyembamba vya duara vinavyozunguka kati ya pini na konrodi, zinatafuta kilicho chini ya ngozi. Rola likikandamiza pini, mkazo wa kukata ulio mkubwa kuliko wote hautokei juu kabisa, hutokea ndani kidogo. Kwa rola nyembamba za konrodi ni kama milimita 0.05. Kina hicho kromu imeshaisha, uko kwenye chuma laini. Mgandamizo pale rola linapogusa unaweza kupita megapaskali 2,000, na chuma laini kinaanza kulegea karibu na 250. Laza ganda la yai juu ya ugali wa moto ubonyeze: ganda ni gumu, lakini ugali ukizama, litapasuka tu. Upande wa pini unaopokea pigo la mwako ndio unabonyea kwanza, mfereji unajichora, chuma kinasukumwa pembeni na kutengeneza ukingo. Kromu inapata nyufa kama nywele, inabanduka magamba. Magamba yanasagwa na rola, yanachimba jicho kubwa la konrodi (tundu linalokaa kwenye pini), yanaingia kwenye oili. Ukisikia ngo-ngo-ngo, pini si tatizo lako peke yake tena.

(Kromu yenyewe haina kosa. Kwenye bomba la shokapu inakaa miaka, kwa sababu pale ni sili inateleza, hakuna rola linalokandamiza mstari mmoja mwembamba.)

Mtu wa namna hii asiachwe. Anajua anachouza, asingejua, asingeweka tupa tayari chini ya meza. Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kukamata bidhaa bandia, Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, basi waingie stoo, mzigo uteketezwe hadharani, na yeye alipe kila krenki iliyokufa. Faini ya kumpiga kofi na kumrudisha dukani hatuitaki. Injini ikijifunga mwendesha boda akiwa kasi Barabara ya Mandela, nani atajibu?

Dalili, kwa haraka. Pini halali ina kijivu cha jiwe la kusagia, hii inang'aa kibuluu kama kioo. Pima ncha zake, msiishie katikati: kromu hujirundika kwenye kingo. Futa grisi yote, paka maji ya mrututu (kopa salfeti) kwenye ukingo: chuma tupu kinageuka chekundu cha shaba, kromu inabaki ilivyo, ukimaliza osha, kausha, paka oili. Au saga ukingo kidogo kwa jiwe bila kuuchoma, halafu tupa ipite hapohapo, ikila, rudisha. Goroli la beringi kuukuu likibanwa na pini kwenye jiliwa (vaisi) litaacha shimo kwenye chuma laini, ila fanyeni kwenye ncha inayoingia kwenye krenki, kamwe si njia ya rola.

Walioshafunga: mwageni oili leo, ichujeni kwa kitambaa cheupe. Msitegemee sumaku pekee, kromu haishikwi na sumaku. Mkiona magamba yanayong'aa, fungueni krenki kabla jicho la konrodi halijaliwa.