Mvukuto wa pumzi kwenye MRI: wa kununua, mradi ufungwe sawasawa

Mgonjwa wa kichocho cha tumbo kutoka Ukerewe, tumbo limejaa maji, hawezi kubana pumzi sekunde 18 za picha ya MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku). Atapumua katikati, na ukuta wa tumbo utajirudia juu ya ini kama mistari hafifu. Kwa wagonjwa hawa, ambao Mwanza inawajua vizuri, mvukuto unastahili kila shilingi.

Ni mfuko wa mpira wenye mikunjo, mkanda, na mrija unaopeleka hewa kwenye kihisio. Tumbo likipanda, shinikizo hubadilika na mashine huchora wimbi. Picha huchukuliwa mwisho wa kutoa pumzi, diaframu ikiwa imetulia.

Lawama nyingi ni za ufungaji. Ukikaza mno, kilele cha wimbi hukatika. Ukilegeza, wimbi halionekani. Mgonjwa akishatoa pumzi, mfuko ubaki umevutika kidogo tu. Kwa wengi mahali pake ni kati ya chembe cha moyo na kitovu, lakini mwenye maji mengi hupumua kwa kifua, hivyo upandishe. Wimbi likififia hata baada ya kufunga upya, kagua mrija, hasa kwenye kiungio; hewa inavuja.

Kuna jambo linalosahaulika sana. Anayepumua mara 15 kwa dakika huipa mashine TR (muda kati ya mpigo mmoja wa mawimbi na unaofuata) ya sekunde 4, nzuri kwa T2, aina ya picha inayong'arisha maji. Anayehema mara 30 anaipa sekunde 2, na sura ya T1, aina nyingine ya picha ambamo maji ni meusi, inaanza kuingia. Hapo iamuru mashine iruke pumzi moja kila mara. Muda utaongezeka, na tayari mfululizo mmoja hula dakika 3 hadi 5.

Kwa T1 yenye dawa ya kung'arisha, inayochomwa mshipani, mvukuto hausaidii: dawa ikifika kwenye ateri haingoji mtu apumue. Huko ni kubana pumzi baada ya kuitoa, kwa mazoezi mawili matatu kabla ya kuingia, na bibi wa Magu aelekezwe kwa Kisukuma. Kugeuza uelekeo wa fezi, yaani upande ambao mistari ya mwendo hutandaa, si tiba. Mistari inahamia pembeni, haifutiki.

Anayeagiza ahakikishe kiungio kinaingia kwenye mashine yake, na aongeze mfuko na mrija wa akiba. Mpira huchakaa penye mikunjo kwanza.