Kabla hujanunua hadubini, angalia kama jukwaa linashuka

Mwaka jana nilipanda Coaster kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu nikiwa nimepakata hadubini mpya kama mtoto mchanga. Nilipofika nyumbani nikachuna ngozi laini ya kitunguu, nikadondoshea tone la iodini, nikaiweka chini ya lenzi ya 40, yaani inayokuza mara 40. Seli zikaonekana safi kabisa, kuta zake na viini vyake. Nikamwita mwanangu wa kidato cha pili aje aone. Akainama, akasema, "Mama, mbona ukungu mtupu?" Nikarekebisha, akainama tena, ukungu ule ule. Jioni nzima tulipokezana hivyo. Kumbe jukwaa, kile kibao kinachobeba slaidi, lilikuwa likishuka lenyewe polepole kwa uzito wake.

Ndiyo maana hapa sitahangaika na ukuzaji. Maboksi yanaandikwa mara 1600, mengine mara 2000, na watu wananunua namba. Soma maandishi madogo kwenye lenzi yenyewe: kuna namba ya uwezo wa lenzi kutenganisha vitu vidogo, ya 40 kwa kawaida ina 0.65, ya 100 inayotumia mafuta ina 1.25. Zidisha namba hiyo kwa 1000, hapo ndipo faida ya ukuzaji inapokaribia kuisha. Kuvuka hapo unakuza ukungu tu.

Turudi kwenye jukwaa. Kwa lenzi ya 40, unene unaoonekana safi kwa wakati mmoja ni kama maikromita 1, sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wako ni mnene mara makumi kadhaa ya hapo. Kwa hiyo jukwaa likishuka kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, picha imeshapotea. Mwanafunzi anadhani kosa ni lake. Anazungusha kwa pupa nobu kubwa, kile kirungu cha pembeni cha kupandisha na kushusha jukwaa, lenzi inagonga slaidi, kioo kinapasuka, na lenzi ikichubuka ndiyo basi tena. Mwalimu unayelalamika kwamba watoto wako hawajui kutumia hadubini, nakuomba ulichunguze jukwaa kwanza.

Kupima ni rahisi. Nenda dukani na slaidi yako, hata ya bawa la nzi. Weka lenzi ya 40, rekebisha mpaka picha itulie, kisha ondoa mikono na uhesabu dakika 10 kwa saa. Picha ikififia, tafuta pete ya kukazia kati ya nobu kubwa na mwili wa hadubini. Nyingine hazina pete, unakaza kwa kushika nobu kubwa mbili za pembeni na kuzizungusha kinyume. Ikishindikana, iache hapo hapo dukani.

Namba moja kwangu ni Olympus CX23, na upendeleo wangu siufichi. Nobu yake kubwa inakazika, ina kizuizi cha kulinda lenzi isigonge slaidi, taa ni LED, na lenzi zimewekewa kinga dhidi ya kuvu. Hilo la kuvu mtu wa Rungwe halidharau. Mvua zetu mnazijua. Lenzi ikikaa kabatini bila vipakiti vya kunyonya unyevu, inaota nyuzi nyuzi kama mkate uliolala. Tangu 2022 hadubini hizi ziko chini ya kampuni ya Evident, kwa hiyo usishtuke ukiliona jina hilo kwenye karatasi. Bei yake ni ya shule au ya wazazi kuchangishana. Ukinunua peke yako, tafuta Olympus ya zamani iliyotumika, CX21 kwa mfano, na dakika zako 10 zihesabu vile vile.

Ya pili ni Nikon Eclipse E100. Sina neno baya juu yake, ni mkono wangu tu umezoea Olympus.

Ya tatu ni za Kichina za umbo la XSZ-107, zinazouzwa kwa majina mengi. Nzima na mbovu zinatoka kwenye maboksi yanayofanana, hivyo jaribu ile ile utakayoondoka nayo. Hakikisha kondensa, lenzi ya chini ya jukwaa inayokusanya mwanga, inapanda na kushuka.

Zenye kioo cha kuakisi mwanga zinafaa pasipo na umeme, ila kamwe usikielekeze kioo kwenye jua lenyewe, utaunguza jicho. Zile za plastiki za watoto, ziacheni.

Sasa wauzaji. Ukiomba kujaribu, unaambiwa boksi halifunguliwi mpaka ulipe. Ukishalipa, risiti imeandikwa mali ikiuzwa hairudishwi. Ukitamka neno shule, bei inapanda umesimama hapo hapo. Nilipompigia aliyeniuzia ile yangu kwa shilingi 420,000, akanijibu, "Dada, zote ndivyo zilivyo." Iliniuma, kwa sababu mtoto wa Mbozi angeweza kuona kwa macho yake chembe za ugonjwa wa kutu ya majani ya kahawa ya baba yake, na wa Umalila akaona ugonjwa wa baka chelewa kwenye jani la kiazi, badala ya kukariri michoro.

Yangu iliokolewa na fundi saa wa Mwanjelwa. Aliifungua, akakuta grisi nyepesi kama mafuta ya kupikia, akaifuta yote, akapaka nzito na kukaza pete iliyokuwa imelegea ndani. Alichukua 15,000. Jukwaa sasa linakaa. Kazi ya saa moja, na aliyechukua 420,000 zangu hakutaka hata kuiona hadubini.